Afya ya Mbwa (3): Mkojo Mwekundu Una Njia Mbili

Juma lililopita tuliishia kwenye figo. Leo tushuke kibofuni.

Mbwa mwenye maambukizi ya kibofu huchuchumaa, akatoa matone mawili matatu, akasogea kidogo, akachuchumaa tena. Hujilamba sana sehemu za siri, na aliyezoea kukojoa nje huanza kulowesha sakafu usiku. Wapo wanaomchapa kwa hilo, ni kumwonea. Majike ndio wanaougua zaidi, kwa kuwa mrija wao wa mkojo ni mfupi na mpana, na bakteria wa E. coli, wenyeji wa utumbo, huupanda bila taabu.

Damu kwenye mkojo ndiyo inayowapoteza wengi. Huku kwetu kwenye kupe tele, mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa unaweza kuwa wa babesia, vimelea vinavyopasua chembe nyekundu za damu. Kinga mkojo kwenye chupa ya kioo, uuache utulie. Damu ya kibofu aghalabu hutuama chini, juu kukabaki umanjano. Rangi ya babesia haitui. Mtazame na mgonjwa mwenyewe. Wa babesia ana homa, amelegea, ufizi umepauka, chakula hakitaki. Wa kibofu mara nyingi anakula na mkia anautikisa. Chupa haichukui nafasi ya daktari, ila itamwonyesha pa kuanzia.

Daktari wa mifugo akitaka kupitisha sindano tumboni avute mkojo kibofuni, usishtuke: sampuli hiyo ni safi kuliko iliyokingwa uani. Maabara huotesha bakteria na kujaribu ni dawa ipi inayowaua. Sisi wa zamani tulifundishwa dozi ya wiki mbili. Miongozo ya kimataifa ya 2019 inasema maambukizi ya mara moja moja yanatoshwa na siku 3 hadi 5, na amoksilini ni chaguo zuri la kuanzia. Kipimo chake hutokana na uzito wa mbwa, kwa hiyo vidonge vilivyobaki vya mtoto viacheni. Diklofenaki ndiyo kabisa: humtia mbwa vidonda vya tumbo na kumharibu figo.

Maradhi yakirudi mara 3 kwa mwaka, tafuta kilichojificha: kisukari, mawe, au kwa dume, tezi dume. Dume anayejikamua bila tone kutoka huenda ameziba kwa jiwe. Huyo asingoje makala ya juma lijalo. Afikishwe kliniki leo hii.