Je, Wajua? Mjusi wa Tendaguru

Je, wajua kwamba kiunzi cha mjusi yule mkubwa mno kisimamacho katika jumba la makumbusho mjini Berlin, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, asili yake ni kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi? Mnamo mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliona huko mfupa wa ajabu uliochomoza ardhini. Na baina ya 1909 na 1913, chini ya wataalamu Werner Janensch na Edwin Hennig, mamia ya vibarua wenyeji waliichimbua mifupa iliyolala humo takriban miaka milioni 150, wakaifunga kwa plasta na mianzi, kisha wapagazi, ambao pasipo taabu yao elimu hii isingalipatikana, wakajitwika mwendo wa siku kadhaa hata bandari ya Lindi. Shehena yote ilizidi tani 200. Hodari wao alikuwa Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye insafu ilikawia mno kumfikia: ni mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru alipopewa jina lake, Australodocus bohetii.