Andiko la Mradi Linalosomeka: Panga Maneno kama Unavyopanga Migomba

Leo tunaweka pembeni mnyauko wa migomba na bei ya kahawa, tunakaa kwenye kompyuta. Usiseme hayo ni mambo ya maofisini. Ukishaamua kulima kibiashara, kuna siku utaandika andiko la mradi, barua ya kuomba mkopo au ofa kwa mnunuzi wa parachichi. Hapo karatasi ndiyo inayoongea kwa niaba yako.

Chukua mikopo ya halmashauri. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Vikundi vinavyoomba ni vingi na fedha ina mwisho. Anayepitia maandiko anayo mengi mezani, na anatafuta mambo machache: ninyi ni nani, mnafanya nini, wapi, mnahitaji shilingi ngapi, mtauza kwa nani, mtarejesha lini. Akivitafuta asivione, mradi mzuri unaweza kupitwa na mradi wa kawaida ulioandikwa vizuri. Mpangilio hauleti faida shambani, lakini unafanya faida ionekane.

Aya moja, jambo moja

Mgomba unaupa nafasi, mita 3 kwa 3, ili kila shina lipate mwanga. Aya nazo ziko hivyo. Ukichanganya historia ya kikundi, bei ya miche na soko la Mwanza kwenye aya moja ya ukurasa mzima, vyote vinasongana. Jambo likibadilika, anza aya mpya. Sentensi nne hadi sita zinatosha.

Nafasi kati ya aya na aya usiitengeneze kwa kugonga Enter mara mbili mbili. Chagua maandishi yote kwa Ctrl+A, bonyeza “Paragraph”, kisha kwenye “Spacing After” weka pointi 6 au 8. Nafasi kati ya mistari weka 1.15 au 1.5. Ukitaka 1.5 haraka, bonyeza Ctrl+5. Sasa kila aya itaachana sawasawa, hata ukiongeza maneno baadaye.

Usipange maneno kwa spesi

Huu ndio ugonjwa mkubwa. Mtu anataka tarehe ikae kulia, anabonyeza kitufe cha nafasi mara arobaini. Kwake inaonekana imekaa. Akibadilisha fonti, au akifungua faili kwenye kompyuta ya steshenari, kila kitu kimehama. Tumia amri zenyewe: Ctrl+L kushoto, Ctrl+E katikati, Ctrl+R kulia. Ukitaka ukurasa mpya, bonyeza Ctrl+Enter, usigonge Enter mpaka ufike chini.

Ukitaka kukagua, bonyeza alama ya ¶ iliyo kwenye “Home”. Kila spesi itaonekana kama kinukta na kila Enter kama ¶. Ukiona nukta zimejipanga kama siafu, ujue hapo pana kazi ya kurekebisha.

Kunyoosha kingo zote mbili: angalia Kiswahili chetu

Wengi wanapenda maandishi yaliyonyooka kushoto na kulia, Ctrl+J. Yanapendeza, ila Kiswahili kina maneno marefu. Neno kama “yatakayowawezesha” likikosa nafasi mwisho wa mstari linashuka lote, na kompyuta inavuta maneno yaliyobaki ili yafike ukingoni. Matokeo yake ni matundu katikati ya mstari, hasa kwenye safu nyembamba za jedwali. Kwenye jedwali panga kushoto. Kwenye aya za kawaida, ukiona matundu, rudi Ctrl+L. Hakuna atakayekunyima mkopo kwa sababu ukingo wa kulia haukunyooka.

Fonti, ukubwa na pambizo

Chagua fonti moja kwa andiko zima. Times New Roman pointi 12 inasomeka, na karibu kila kompyuta inayo. Karatasi iwe A4, pambizo sentimita 2.54 kila upande. Zingine zikitunzwa kwenye faili, upande wa kushoto utahitaji nafasi ya kutoboa, kwa hiyo usiubane.

Usipunguze herufi hadi pointi 9 ili uokoe hela ya kuprinti. Unaokoa shilingi chache halafu msomaji anaumia macho. Kama andiko ni refu, punguza maneno.

Kukoleza, Ctrl+B, ni kama chumvi. Koleza vichwa na kiasi cha fedha mnachoomba, basi. Ukikoleza kila kitu, hakuna kilichokolea.

Vichwa vya habari

Kichwa usikitengeneze kwa kukuza herufi kwa mkono. Weka kishale kwenye mstari wake, nenda “Styles”, chagua “Heading 1”. Vichwa vidogo vipe “Heading 2”. Ukifanya hivyo unapata mambo matatu: vichwa vyote vinafanana, kichwa hakibaki peke yake chini ya ukurasa huku maelezo yake yako ukurasa unaofuata, na unaweza kutengeneza yaliyomo kwa kubofya tu “Table of Contents” kwenye “References”. Halafu weka namba za kurasa kupitia “Insert”, “Page Number”. Karatasi zikichanganyika mezani, namba ndizo zitakazozirudisha kwenye mstari.

Hesabu ziingie kwenye jedwali

Hapa ndipo pesa ilipo. Gharama zikiandikwa ndani ya aya, msomaji hawezi kuzijumlisha. Tengeneza jedwali la safu nne: mahitaji, idadi, bei kwa kimoja, jumla. Mfano wa ekari 1 ya migomba, bei ni za kujifunzia tu:

| Mahitaji | Idadi | Bei kwa kimoja (Sh) | Jumla (Sh) |
|---|---:|---:|---:|
| Miche | 450 | 2,000 | 900,000 |
| Kuchimba mashimo | 450 | 500 | 225,000 |
| Samadi, tripu | 10 | 60,000 | 600,000 |
| Jumla kuu | | | 1,725,000 |

Namba zimepangwa kulia ili mamoja yakae chini ya mamoja na maelfu chini ya maelfu. Ukizipanga kushoto, 900,000 na 1,725,000 zinaonekana kama zinalingana. Tena mjuzi wa kilimo akiona miche 450 atakubali mara moja: ekari ina mita za mraba kama 4,047, gawa kwa 9, unapata karibu 450. Jedwali safi linamwonyesha kwamba shamba lako unalijua.

Barua ya maombi

Barua inayotangulia andiko ina utaratibu wake. Anwani yenu na tarehe juu kulia. Anwani ya mnayemwandikia kushoto. Kisha katikati, kwa herufi kubwa: YAH: MAOMBI YA MKOPO WA KIKUNDI. Aya ya kwanza itaje kikundi, kijiji, kata na kiasi mnachoomba. Ya pili iseme fedha itafanya nini. Ya tatu itaje viambatisho. Barua iishie kwenye ukurasa mmoja, na pabaki nafasi ya sahihi na mhuri.

Mistari myekundu

Kompyuta nyingi zimewekwa kwa Kiingereza, ndiyo maana Kiswahili chako kinajaa mistari myekundu, na mara nyingine neno linabadilishwa bila kukuuliza. Chagua yote kwa Ctrl+A, nenda “Review”, “Language”, “Set Proofing Language”, weka tiki kwenye “Do not check spelling or grammar”. Kuanzia hapo makosa utayatafuta mwenyewe, kwa hiyo mpe mwenzako kwenye kikundi asome kwa sauti.

Kabla hujaprinti

Hifadhi nakala ya PDF kupitia “Save As”. Faili la kawaida, hasa lililochapwa kwenye simu, linaweza kubadilika likifunguliwa kwenye mashine nyingine. PDF inabaki ulivyoiacha. Tunza zote mbili: moja ya kurekebisha, moja ya kupeleka.

Halafu fanya jaribio hili. Mpe andiko mtu asiyeujua mradi wenu, mhesabie dakika moja, kisha muulize: tunaomba shilingi ngapi, na tutarejesha kwa kuuza nini? Akijibu, peleka. Akibabaika, bado lina magugu, rudi upalilie.