Fahamu: Daktari mkuu wa jeshi hufanya nini vitani?

Kazi yake kubwa si upasuaji, bali kuwakinga askari na maradhi. Mwaka 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia Afrika Mashariki, Wajerumani waliiteka Taveta. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau. Katika vita hivyo, tiba ya jeshi la Wajerumani iliongozwa na Dkt. Hugo Meixner. Manowari za Waingereza zilipofunga bahari, dawa ya malaria ikatengenezwa kwa magome ya mkwinini kutoka Amani, Usambara. Yakichemshwa yalitoa maji machungu ajabu, na askari waliyanywa hivyo hivyo.

Upande wa Waingereza, wapagazi wa Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi, ndio walioumia zaidi, na hili halisemwi vya kutosha: waliorodheshwa waliokufa zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi, hasa kuhara damu.