Je, Wajua? Virusi vya surua huweza kuelekezwa kwenye saratani

Chanjo ya surua anayodungwa mtoto wa Buterere, Burundi, ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na virusi vya aina hiyo ndivyo wanasayansi wanavyovitengeneza upya vishambulie saratani. Dalili ya mapema ilitoka Afrika Mashariki hii hii: mwaka 1971 madaktari Bluming na Ziegler walieleza jinsi uvimbe wa Burkitt (aina ya saratani ya limfu) wa mvulana mmoja nchini Uganda ulivyonywea alipougua surua. Kisa kimoja hakithibitishi tiba, na surua yenyewe huua watoto. Ndiyo maana kazi kubwa imefanywa kwenye protini ya H, ambayo kirusi hutumia kushika seli: sehemu zake za asili za kushikia seli hulemazwa, kisha protini hiyo huunganishwa na kipande cha kingamwili kinachotambua alama zilizojaa kwenye seli za saratani. Mwaka 2005 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walionyesha kwa panya kwamba ulengaji huo unawezekana.

Lakini je, kinga ya aliyechanjwa haitavizima virusi hivyo njiani? Kwangu hili ndilo pingamizi zito kuliko yote. Jibu mojawapo lililojaribiwa ni kuvivika protini za nje za kirusi cha distempa ya mbwa, ambazo kingamwili za surua hazizizuii kwa urahisi.