Bukavu: Kuchanganya chakula cha kuku nyumbani, faida iko kwenye mizani

Mjini Bukavu, jimboni Kivu ya Kusini, familia nyingi hufuga kuku kwenye lupango ili kupata mayai ya kula na ya kuuza. Lakini kuku anakula kila siku, hata siku asipotaga. Chakula peke yake humeza zaidi ya nusu ya gharama za mfugaji. Ndiyo maana wengine wameacha kununua chakula cha kiwandani na wanachanganya chao wenyewe.

Vitu vinavyohitajika viko sokoni: mahindi, pumba, soja na sambaza zilizokaushwa, samaki wadogo walioletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Shida ni kwamba hivyo ni vyakula vya watu pia. Mahindi na soja, pamoja na mtama, ndivyo hutengeneza uji wa masoso wa watoto. Kilo inayopotea bure kwa kuku ni kilo iliyotoka kwenye sufuria ya nyumbani.

Kosa la kawaida ni kuwapa kuku mahindi matupu. Mahindi yanatia nguvu, lakini protini yake ni karibu asilimia 9 tu, wakati kuku wa mayai anahitaji 16 hadi 17. Tena mahindi karibu hayana kalisi, na kila ganda la yai linachukua gramu 2 hivi. Kuku wa namna hiyo ananenepa, anataga kidogo, na mayai yake yanavunjika haraka.

Kwa kilo 100 za chakula cha kuku wanaotaga, mchanganyiko unaofaa ni kilo 54 za mahindi yaliyosagwa, 12 za pumba, 18 za soja iliyokaangwa, 6 za unga wa sambaza na 9 za unga wa mawe ya chokaa. Huongezwa gramu 300 za chumvi na gramu 700 za poda ya vitamini na madini ya kuku. Kama sambaza zilikaushwa kwa chumvi, chumvi nyingine haihitajiki.

Soja mbichi haifai: ina vitu vinavyozuia kuku kutumia protini. Inakaangwa hadi ibadilike rangi na harufu ya ubichi iishe, ndipo inasagwa.

Chumvi na vitamini, kwa kuwa ni kidogo, huchanganywa kwanza na kilo moja au mbili za unga wa mahindi. Kisha vyote humwagwa juu ya shitingi safi na kugeuzwa kwa koleo mara kadhaa, mpaka rangi ifanane kila upande. Bila hivyo, kuku mmoja atapata chumvi nyingi na mwingine hatapata kitu.

Hatari kubwa zaidi ni ukungu, hasa miezi ya mvua, kuanzia Septemba hadi Mei. Mahindi yasiyokauka vizuri huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini, ambayo inaharibu ini la kuku na la mtu. Kusaga au kukaanga hakuiondoi. Mahindi ambayo mtu anakataa kula yasipelekwe kwa kuku.

Mchanganyiko huu si wa vifaranga. Wao wanahitaji protini ya karibu asilimia 20, na kalisi nyingi hivyo inaweza kuharibu figo zao.

Kuku mmoja wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 20 wanamaliza karibu kilo 50 kwa majuma matatu. Ni vema kuchanganya kiasi hicho tu kila mara, kwa sababu unga wa soja na samaki ukikaa sana unachacha. Majani ya lengalenga yanaweza kuongezwa pembeni, lakini hayachukui nafasi ya soja.

Kilichobaki ni daftari: kilo zilizoliwa, franka zilizotumika, mayai yaliyookotwa. Hesabu hizo tatu ndizo zitamwambia mfugaji kama kuku wanailisha familia, au familia ndiyo inawalisha kuku.