Istilahi za Kupima Mageuzi ya Bima ya Afya

Mfasiri wa taarifa zinazopima mageuzi ya huduma za afya hukabiliwa na dhana tatu ambazo ni rahisi kuzichanganya. Akiandika tu kwamba wananchi "wamefikiwa na bima", msomaji hawezi kujua kilichopimwa. Kwa hiyo, makala haya yanapendekeza dhana hizo zitenganishwe hivi: *kiwango cha wenye bima*, yaani watu wangapi katika kila mia wana bima, *wigo wa mafao*, yaani huduma zipi hulipiwa, na *upatikanaji wa huduma*, yaani kama mgonjwa hutibiwa kweli.

Tuchukue mfano wa Marekani. Sheria iliyotiwa saini na Rais Barack Obama mwaka 2010 iliruhusu vijana kubaki katika bima ya wazazi wao hadi watimize miaka 26. Aidha, iliweka ruzuku ya michango na kupanua Medicaid, mpango wa serikali kwa wenye kipato kidogo. Mwaka 2010 wasio na bima walikuwa yapata asilimia 16 ya watu. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 9. Tarakimu hizo zinahusu kiwango cha wenye bima peke yake. Hazisemi lolote juu ya dawa wala vitanda.

Hapo huzuka jambo la pili: *badiliko* si *athari*. Badiliko ni yote yaliyoonekana baada ya sheria. Athari ni sehemu iliyoletwa na sheria yenyewe, kwani ajira na uchumi navyo huongeza au kupunguza wenye bima. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba majimbo yasishurutishwe kupanua Medicaid. Baadhi yalipanua, mengine hayakupanua, na watafiti wakapata cha kulinganisha. Tuseme wenye bima waliongezeka kwa watu 10 katika kila mia penye upanuzi, na kwa 4 pasipo upanuzi: athari hukadiriwa kuwa 6, si 10. Njia hii yafaa kuitwa *tofauti ya tofauti*.

Suala hili latuhusu pia. Mwaka 2023 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Matokeo yake yatakapopimwa, mwananchi mwenye kadi aliyekosa dawa asihesabiwe kuwa ametibiwa, eti kwa sababu mwandishi wa taarifa alitumia neno moja mahali pa matatu.