Mzizi, Kikombe na Ramli

Mkatoliki wa Kabasa, Bunda, akichemsha majani ya mwarobaini kwa sababu ya homa hana cha kuungama, labda uso aliokunja akiyanywa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, haikatazi tiba za jadi. Inakataza kuziita nguvu za uovu kwa kisingizio cha tiba hizo, na kujinufaisha kwa wepesi wa watu kuamini. Hirizi nazo zimekemewa hapohapo.

Kanisa lingepata shida kuikataa mitishamba. Gome lililotupa kwinini lilienezwa Ulaya karne ya 17 na Majesuiti, likaitwa unga wa Majesuiti, na Waprotestanti wengine wakalishuku kwa jina hilo tu. Hildegard wa Bingen, mtawa aliyeandika juu ya mitishamba, alitangazwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012.

Tatizo huanza dawa ikishapondwa. Mganga ameshaelekeza: nusu kikombe, asubuhi na jioni. Kisha anauliza, je, kuna mtu mmekosana? Mpaka wa shamba, mke mwenza, ng'ombe aliyepotea. Nani hana mtu wa namna hiyo? Ramli haihitaji msaada wa kuzimu kulipata jina la mchawi. Mgonjwa amekuja nalo mwenyewe, na analipia kulisikia likitajwa na mwingine.

Kanda ya Ziwa inajua jina hilo huishia wapi. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni katika miaka ya kupikia watoto na wajukuu. Wenye ualbino wamewindwa kwa maagizo ya waganga. Sheria ya mwaka 2002 ilishaitambua tiba asili na tiba mbadala. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Mahubirini, ramli ikikemewa, hutajwa zaidi amri ya kwanza. Kwa maoni yangu, ya tano na ya nane ndizo zinazoumia zaidi: usiue, na usimshuhudie jirani yako uongo.

Machi 2011, Jimbo Katoliki la Bunda likiwa halijatimiza nusu mwaka, nchi nzima ilikuwa njiani kwenda Samunge, Loliondo. Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyejulikana kama Babu, alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Hakumtaja mchawi wa mtu. Mkatoliki aliyepanga foleni pale alipokea kikombe mkononi mwa Mlutheri, jambo ambalo baadhi ya bibi zetu wangeliona zito kuliko ugonjwa wenyewe. Lakini dawa ilisemekana haifanyi kazi isipokuwa itolewe na Babu mwenyewe, na wapo walioacha ARV baada ya kuinywa. Hapo imani ilikuwa imelemewa na mzigo usio wake, maana Katekisimu hiyohiyo inahesabu kuitunza afya kuwa wajibu.

Wanaojivunia kuwa hawakanyagi kwa mganga nao wana lao. Dumu la maji hubarikiwa, halafu padri anavutwa pembeni: "Baba, ni nani kaniroga?" Maelekezo ya Vatikano ya Septemba 2000 yanataka upungaji pepo ufanywe chini ya askofu, tena utengwe kabisa na ibada za kuombea wagonjwa. Padri au mwanakarismatiki anayelijibu swali lile kwa kutaja jina la jirani amepiga ramli, hata kama ameshika rozari.